Gombe si safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu lawama moja isiyokwisha. Mtu anatoka Dar es Salaam, Mwanza au hapo Tabora, anafika Kigoma, analipia boti na kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Gombe, anapanda milima mpaka magoti yanalegea, kisha jioni anarudi mjini hajamwona sokwe hata mmoja. Anabaki na picha za nyani wa ufukweni na maneno kwamba ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Alikosea hesabu ya saa, na aliyempangia safari aliona anakosea akanyamaza. Gombe ya kwenda asubuhi na kurudi jioni ni biashara nzuri kwa mwenye boti. Kwa anayetaka kuona wanyama na ndege wa msituni ni kamari.

Nianze na jua, maana wengi hawalifikirii. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua linatufikia kwa zamu. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, nayo ni tofauti ya karibu dakika 40. Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi, kutegemea mwezi. Saa kumi na mbili kamili, mtu wa Dar akiwa tayari anatafuta daladala, Kigoma bado watu wanashika tochi. Gombe nayo imejibanza chini ya ukuta wa milima ulio upande wa mashariki. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha ukuta huo kinapita mita 1,500. Mabonde yote yanateremka magharibi kuelekea majini. Jua likishachomoza kwa watu wa juu, chini bondeni bado kuna kivuli na baridi kwa muda mrefu.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu sokwe hulala juu ya miti, kila mmoja kwenye kiota anachokitengeneza upya karibu kila jioni kwa kukunja matawi, isipokuwa mtoto anayelala na mama yake. Wafuatiliaji huwaacha hapo kiza kikiingia, wakarudi alfajiri kabla hawajashuka. Habari ya mahali vilipo viota ndiyo ramani pekee ya kuaminika katika msitu ule, na ramani hiyo inachakaa mara sokwe wakishakanyaga chini. Sasa mpigie hesabu mgeni wa siku moja. Boti inaondoka Kigoma saa mbili, nusu ya abiria wamechelewa. Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa moja, ya mbao mbili hadi tatu. Hapo ongeza kujiandikisha, kusikiliza maelekezo, kugawanywa makundi. Anaanza kupanda saa tano, jua limeshakuwa kali, wakati sokwe wameshakula, wameshavuka bonde moja au mawili, na sasa wamejilaza kivulini kimya. Ukiwakuta wakati huo utafaidi, maana wamekaa chini wanachambuana manyoya na hawana haraka. Kazi ni kuwakuta, kwa sababu sokwe aliyenyamaza unaweza kumpita kwa hatua 20 usijue.

Msitu huo hutafutwa kwa sikio. Mwito wa sokwe huanza chini chini kama mtu anayehema, ukapanda na kuishia kwa makelele, na mara nyingine dume hupiga kwa miguu na mikono mizizi mipana ya mti mkubwa ikavuma kama ngoma. Mwongozaji mzuri husimama kwenye tuta kati ya mabonde mawili akasikiliza. Ukiwa na wenzako mnaosimuliana mpira wa jana, mmemziba masikio, na baadaye mtamlaumu yeye.

Kuna jambo jingine ambalo wauza safari hawalisemi. Gombe ina jamii tatu za sokwe: Mitumba kaskazini, Kasekela katikati na Kalande kusini. Jamii moja haitembei kama kundi la mbuzi. Hugawanyika vikundi vidogo, wawili hapa, sita kule, mama na watoto peke yao, kisha hukutana tena penye mti uliozaa sana. Kwa hiyo usitarajie kuona sokwe 50 wamekusanyika. Ukikuta mama na watoto wawili wanakula, umeona Gombe.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba usafiri wa bei nafuu ndio wenye ratiba inayofaa. Ukiacha boti za kukodi, kutoka mwalo wa Kibirizi kuna boti za abiria zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo. Huondoka kuanzia adhuhuri, husogea taratibu kando ya ufuko, na hukushusha Kasekela baada ya saa tatu hivi. Kurudi hupita alfajiri. Maana yake huwezi kurudi siku hiyo hata ukitaka: unafika jioni ya siku ya kwanza, siku ya pili yote ni yako, na asubuhi ya tatu unaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, na hapa boti yenyewe imewatii. Jumapili usizitegemee. Ndani ya boti hizo hakuna anasa: unakaa na magunia, mitungi na kuku. Dai jaketi okozi kabla boti haijasukumwa, si baada. Kaa katikati, maana mbele kunapiga na nyuma kuna moshi. Funga nguo na darubini ndani ya mfuko mgumu usiopitisha maji, kwa sababu kiangazi upepo unaweza kuamka mchana, mawimbi yakaruka ndani, na turubai halimfuniki kila mtu.

Malazi ya Kasekela huwekwa nafasi mapema kwa ofisi ya hifadhi. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, si kwa fedha taslimu, na ni busara kuyamaliza ukiwa mjini ambako mtandao haukatiki ovyo. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni kutoka nje, ilimradi awe na kitambulisho mkononi. Wapo wanaokiacha hotelini kwa kuogopa kukilowesha, wakaanza kubishana na askari getini. Chakula nunua sokoni Kigoma: mchele, unga, maharage, dagaa, mafuta, chumvi. Kule usile nje. Nyani wa Gombe wamefuatwa na watafiti tangu miaka ya 1960, hawamwogopi binadamu, na mfuko wa plastiki kwao ni tangazo la chakula. Nyumba zina nyavu za chuma madirishani, na kwa kweli anayefungiwa humo ni mtu. Ukisahau mlango wazi kwa dakika mbili, mkate si wako tena.

Kwa njiani: viatu vyenye meno, si raba za soli laini, kwa sababu majani makavu juu ya mteremko huteleza kuliko tope. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mikono mirefu, maana kiangazi upupu umekomaa na kugusa ganda lake mara moja kunatosha kuharibu siku. Usishike kichaka bila kukitazama. Lita mbili za maji kwa kila mtu. Rangi za nguo ziwe za majani makavu au udongo, na jezi ya timu yako iache Kigoma.

Masharti ya kuwatazama sokwe yanajulikana, lakini watu huyachukulia kama maneno ya mapambo. Kundi lisizidi watu sita. Umbali usipungue mita 10, na sokwe akikusogelea wewe ndiye unayerudi nyuma. Muda ni saa moja tangu mlipowakuta. Barakoa puani na mdomoni, si kidevuni. Dume akianza vitisho, nywele zimesimama, anakokota tawi na kukimbia mteremko, usikimbie: sogea kando, shika mti, subiri apite. Watoto wadogo hawapelekwi kwa sokwe kabisa, na kisa chake si cha kutungwa. Mwaka 2002 dume mmoja maarufu wa Kasekela, Frodo, aliua mtoto mdogo wa binadamu ndani ya hifadhi.

Kuhusu barakoa na kikohozi niruhusu nikae kidogo, Mhariri, kwa kuwa hapa ndipo safari ya siku moja inapoleta hatari hasa. Sokwe wanashika karibu magonjwa yetu yote ya njia ya hewa, na hawana kinga tuliyoizoea sisi. Mwaka 1966 Gombe ilipata ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio, sokwe kadhaa wakafa na wengine wakabaki vilema. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliua sokwe kule Hifadhi ya Mahale, na virusi vilivyoshukiwa ni vya jamii ya vile vinavyowapata binadamu. Sasa fikiria mtu aliyeamka na mafua siku pekee aliyonayo, ameshalipa, boti inamsubiri. Atameza dawa ya kuzuia chafya na kunyamaza. Mwenye siku mbili anaweza kukiri, akabaki ufukweni na ndege huku wenzake wakipanda, wala siku yake isipotee. Mwenye saa nne hakubali.

Na ndege si zawadi ya kufutia machozi. Orodha ya Gombe inapita aina 200, na nyingi hujionyesha alfajiri na jioni, yaani saa zile zile ambazo mgeni wa siku moja yuko ndani ya boti. Kaa tu mbele ya nyumba za wageni kukipambazuka, ukiwa umesimama tuli. Kuna vindege vidogo wenye kifua chekundu na tumbo jeusi lililonyunyiziwa madoa meupe, wanarukaruka chini wakiokota mbegu bila kumwogopa mtu. Kwingine nchini watu huwatafuta vichakani siku nzima. Juu ya mti wa ufukweni furukombe anaita na mwenzake anamjibu. Mdiria mweupe na mweusi anapiga mabawa amesimama hewani juu ya maji, kisha anajitupa kama jiwe. Kwenye michikichi mtazame yule ndege wa jamii ya tai, mweupe mwenye mabawa meusi na ngozi nyekundu usoni, ambaye badala ya mizoga hupenda sana tunda la mchikichi. Mtu wa Kigoma anayekula mawese kila siku na hajawahi kumwona mlaji mwenzake huyo, basi hatazami juu.

Ndani ya bonde mambo hubadilika. Unaweza kutembea nusu saa usione hata unyoya, ukadhani msitu ni mtupu, kisha ghafla miti mitatu imejaa ndege wa aina saba wakienda pamoja. Ndivyo wanavyokula: kundi mchanganyiko husafiri likikurupusha wadudu, huyu akila kwenye gome, yule kwenye majani, mwingine hewani. Kosa ni kulikimbilia. Simama, acha lipite juu yako, na chagua ndege mmoja umtazame vizuri badala ya kuwakosa wote saba. Ukikuta msafara wa siafu, usiruke tu na kuondoka. Rudi hatua tano usubiri, maana ndege hufuata siafu ili kula panzi na buibui wanaokimbia mbele yao. Ukisikia mbega wekundu na kima wanapiga makelele ya ghafla wakitumbukia katikati ya mti, tazama anga kabla ya kutazama chini: huenda ni tai mkubwa wa msituni anayewinda kima. Hondohondo utamsikia mabawa yake yakivuma kabla hujamwona. Shorobo, mwenye mwili wa buluu nzito na mdomo wa njano, hukimbia juu ya matawi kama kindi, na wekundu wa mabawa yake unauona tu anaporuka.

Kwa darubini, chukua ya 8x42, si ya 10 wala ya 12. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Msituni mwanga ni mdogo na ndege yuko karibu, hivyo ukuzaji mkubwa unakupa picha yenye giza, finyu na inayotetemeka na pumzi yako. Jizoeze mjini kwanza: mkazie kunguru macho, kisha inua darubini mpaka machoni bila kushusha macho. Wengi huinamia darubini, wakiinua uso hawajui tena mti upi.

Watu huuliza msimu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba njia ni kavu, picha hutoka vizuri, lakini sokwe huzunguka mbali zaidi kutafuta matunda. Wakati wa mvua hawaendi mbali sana na huwa rahisi kuwakuta, ila utateleza, utalowa, na mawingu yatakuficha mgongo wa mlima. Mvua za kwanza za Novemba ndizo ninazozipenda: mchwa wanafungua vichuguu, na sokwe wa Gombe wanachomeka vijiti na mabua kuwavua, kazi ile ile aliyoiona Jane Goodall mwaka 1960 na kuishangaza dunia. Isitoshe, kuanzia mwezi huo mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wameshashuka kuukimbia ubaridi wa kwao.

Shule zetu za Kigoma nazo zinahitaji neno. Kupeleka wanafunzi 60 kwa siku moja kisha kuahidi sokwe ni kuwadanganya watoto. Kwa makundi ya watu sita na saa moja kwa kila kundi, hesabu inakataa. Waahidini maporomoko ya Kakombe, nyani, ndege wa ziwani, na samaki wa rangi rangi wanaoonekana kwenye maji maangavu kando ya mawe, ambao wengi wao hawapatikani popote nje ya Tanganyika. Siku itawatosha.

Mahale nisiingie sana, ingawa kwa mpenda ndege ndiyo kubwa. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, iko kusini mbali na Gombe, haina barabara ndani, na wageni hufikia Kasiha kwa boti. Jipangie siku nne tangu unapofika. Kuna kindege cha kijivu chenye mkia mrefu ambacho wataalamu wamekipa jina la mlima wa Kungwe, na katika Tanzania yote ni huku magharibi kinakopatikana. Kuna pia mbega weusi wenye nywele nyeupe mabegani, ambao Gombe huwaoni. Sokwe wa Mahale wana tabia zao: wawili wakichambuana hushikana mikono juu ya vichwa, jambo ambalo si desturi ya wale wa Gombe. Na matunda ya mchikichi, ambayo wa Gombe wanayala kwa raha, wa Mahale watafiti waliwakuta hawayagusi ijapokuwa miti ipo. Watongwe, wenyeji wa huko, waliowaongoza watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto tangu mwaka 1965 ndio waliokuwa walimu wa kweli hapo. Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, mjuzi wa mitishamba, alikuwa pamoja na mtafiti Michael Huffman walipomwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha shina la mjonso na kunyonya utomvu wake mchungu, mti ambao Watongwe wenyewe huutumia kwa tumbo.

Ombi langu kwa wanaouza safari, Mhariri, ni dogo. Kwenye mabango yenu ya bei, safari ya siku moja iandikwe inavyostahili: matembezi ya ziwa na maporomoko, sokwe kwa bahati. Ya siku mbili za kulala ndiyo iitwe safari ya sokwe na ndege. Na anayepokea fedha amuulize kila abiria, kabla hajakanyaga boti, kama anakohoa.

Kwa atakayelala, asubuhi ya kuondoka uwe ufukweni kabla hakujapambazuka, mizigo imefungwa, tochi inawaka na imeelekezwa ziwani. Boti ya abiria inatoka kaskazini imejaa na haipigi honi. Nahodha asipoona mwanga anapita. Ukiona taa nyingi kwa mbali usizikimbilie kuzipungia, hizo ni za wavuvi wa dagaa wanaorudi. Yako ni ile moja inayokata karibu na ufuko.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma